Utumbo na Moyo: Bakteria wa Tumboni Wanavyohusiana na Ugonjwa wa Moyo Kushindwa Kufanya Kazi

Na Mwandishi Wetu, Njombe

MTU ambaye moyo wake umeanza kushindwa kusukuma damu ipasavyo anaweza kuanza kwa kulalamikia tumbo. Hushiba upesi baada ya kula chakula kidogo, hamu ya kula hupungua, huhisi maumivu upande wa kulia chini ya mbavu na tumbo kujaa. Kwa kuwa dalili hizo ziko tumboni, ni rahisi kudhani kuwa ni vidonda vya tumbo, minyoo au gesi. Mgonjwa hununua dawa dukani, wiki zinapita, na anapofika hospitalini miguu imekwisha kuvimba na pumzi zinamkatika akipanda ngazi.

Uhusiano wa tumbo na moyo hauishii katika dalili. Tafiti za miaka 25 iliyopita zimeonesha kuwa bakteria wanaoishi utumboni, pamoja na kemikali wanazozalisha wanapokula mabaki ya chakula chetu, wana mchango katika afya ya moyo, na kwamba moyo unapodhoofika nao hubadili mazingira ya bakteria hao. Makala haya yanaeleza uhusiano huo, maana yake kwa mlo wa wananchi wa Mkoa wa Njombe, ukiwemo Mji wa Makambako, na tahadhari ambazo mgonjwa wa moyo anapaswa kuzichukua.

Maana ya moyo kushindwa kufanya kazi

Jina la ugonjwa huu huwatisha wengi kwa kudhani kuwa moyo umesimama. Sivyo. Maana yake ni kwamba moyo unaendelea kupiga lakini hausukumi damu ya kutosheleza mahitaji ya mwili, au unaweza kufanya hivyo kwa taabu tu. Moyo wa mtu mzima mwenye afya, akiwa amepumzika, husukuma takribani lita 5 za damu kila dakika. Msukumo huo unapopungua, damu hurudi nyuma na kutuama katika mapafu, ini, utumbo na miguu, na majimaji huvuja kutoka katika mishipa na kuleta uvimbe.

Chanzo kikuu cha tatizo hili nchini ni shinikizo la juu la damu. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na Abel Makubi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Heart, ulifuatilia wagonjwa 427 wenye wastani wa umri wa miaka 55. Asilimia 45 kati yao walipata ugonjwa huu kutokana na shinikizo la juu la damu, asilimia 28 kutokana na magonjwa ya misuli ya moyo, asilimia 12 kutokana na madhara ya homa ya baridi yabisi katika vali za moyo, na asilimia 9 kutokana na kuziba kwa mishipa inayolisha moyo. Umri huo unaonesha kuwa ugonjwa huwapata watu ambao bado wanalima, wanafanya biashara na kulea familia.

Wakazi wa utumbo

Mwili wa mtu mzima hukadiriwa kubeba bakteria wapatao trilioni 38, wengi wao wakiishi katika utumbo mpana. Idadi hiyo inakaribiana na idadi ya seli za mwili wenyewe. Walio wengi hawasababishi ugonjwa. Hutusaidia kuvunja sehemu za chakula ambazo tumbo letu haliwezi kuzimeng'enya, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huifundisha kinga ya mwili kutofautisha adui na rafiki.

Bakteria hawa hula kile tunachokula, na kinachobaki baada ya mlo wao hupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Mazao hayo ndiyo yanayowahusu wataalamu wa moyo. Yapo yanayoonekana kuulinda moyo na yapo yanayohusishwa na kudhoofika kwake.

Damu inapotuama utumboni

Mtu akiwa amepumzika, takribani robo ya damu inayosukumwa na moyo hupita katika utumbo, ini na viungo jirani. Kwa sababu hiyo utumbo huathirika mapema moyo unapochoka. Ukuta wake huvimba kwa majimaji, hupata hewa ya oksijeni kidogo, na viunganishi vinavyoshikanisha seli zake hulegea. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, uliolinganisha wagonjwa 22 wa moyo na watu 22 wasio na ugonjwa huo, ulikuta kuwa ukuta wa utumbo mpana wa wagonjwa ulikuwa mnene zaidi na utumbo wao ulipitisha kwa urahisi vitu ambavyo kwa kawaida huzuiwa.

Miongoni mwa vitu vinavyovuja ni vipande vya maganda ya bakteria vinavyoitwa endotoksini. Vikiingia katika damu, kinga ya mwili huviona kuwa uvamizi na kuanzisha mcharuko, yaani mwitikio ule ule unaoufanya mwili uwake na kuvimba unapopambana na maradhi. Mcharuko wa muda mrefu hudhoofisha misuli ya moyo na kumfanya mgonjwa akonde. Mwaka 1999, jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioonesha kuwa wagonjwa wa moyo waliovimba walikuwa na endotoksini nyingi zaidi katika damu kuliko wagonjwa wasiovimba, na kwamba kiwango hicho kilishuka baada ya kupewa dawa za kupunguza maji mwilini.

Hapo ndipo ulipo mzunguko unaowasumbua madaktari: moyo dhaifu huudhuru utumbo, na utumbo ulioharibika hurudisha madhara kwa moyo. Utafiti huo wa mwaka 1999 unaonesha pia kuwa mzunguko huo unaweza kupunguzwa kasi kwa kutibu moyo wenyewe kwa dawa ambazo tayari zipo.

Kemikali ya TMAO

Zao la bakteria lililochunguzwa zaidi kuhusiana na moyo linajulikana kwa kifupi kama TMAO. Hutokana na virutubisho viwili: kolini, inayopatikana kwa wingi katika mayai, maini na nyama, na kanitini, iliyo nyingi katika nyama nyekundu. Baadhi ya bakteria wa utumbo huvigeuza virutubisho hivyo kuwa gesi iitwayo trimethilamini. Gesi hiyo husafirishwa na damu hadi katika ini, ambako kimeng'enya huigeuza kuwa TMAO, na hatimaye figo huitoa kwa njia ya mkojo.

Watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani, wakiongozwa na Stanley Hazen, waliitangaza njia hiyo mwaka 2011 katika jarida la Nature. Mwaka 2014, kundi hilo lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 5 wagonjwa 720 wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi lakini hali zao zikiwa tulivu. Wenye kiwango cha juu cha TMAO walikuwa na hatari ya kufariki mara 3.4 zaidi. Hatari hiyo ilipungua baada ya watafiti kuzingatia vihatarishi vingine, ikiwemo hali ya figo, lakini haikutoweka.

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Figo zinapodhoofika, jambo linalowapata wagonjwa wengi wa moyo, TMAO hulundikana hata kama mlo haujabadilika. Kwa hiyo kiwango kikubwa kinaweza kuwa chanzo cha madhara, kinaweza kuwa ishara ya ugonjwa uliokwisha kusonga mbele, au vyote viwili.

Aidha, taarifa hizi zisiwe sababu ya kuwanyima watoto na wajawazito mayai, maziwa, samaki na nyama. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Njombe wana udumavu. Kolini na protini ya wanyama ni mahitaji ya lazima kwa ukuaji wao. Ushauri wa kupunguza nyama nyekundu unamhusu mtu mzima anayekula nyingi, hasa mwenye shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa moyo.

Nyuzinyuzi na mazao yanayolinda moyo

Upande wa pili ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mimea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Zikifika katika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, zikiwemo asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Ikipatikana ya kutosha, ukuta huo hubaki imara na mcharuko hupungua. Tafiti za wanyama zimeonesha pia kuwa asidi hizo husaidia kushusha shinikizo la damu.

Bakteria wasipopata nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia ute unaoufunika na kuulinda ukuta wa utumbo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Ushahidi kutoka Tanzania

Namna mabadiliko ya mlo yanavyougusa mwili wa Mtanzania imechunguzwa kwa karibu mkoani Kilimanjaro. Watafiti wa Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, akiwemo Godfrey Temba, walichapisha mwaka 2021 utafiti wa Watanzania 323 wenye afya njema. Wakazi wa mjini walionekana kuwa na hali ya mcharuko zaidi kuliko wa vijijini, na tofauti hiyo ilihusishwa na chakula.

Mwaka 2025, watafiti hao walichapisha katika jarida la Nature Medicine jaribio lililohusisha wanaume 77. Kwa wiki 2, wanaume wa vijijini waliozoea mlo wa asili walipewa vyakula vya kisasa vilivyosindikwa, na wa mjini wakapewa mlo wa asili wenye mboga za majani, kunde na nafaka zisizokobolewa. Kundi lingine lilikunywa mbege kwa wiki 1. Waliohamia vyakula vya kisasa waliongezeka uzito, vichocheo vya mcharuko vilipanda katika damu, na seli zao za kinga zikapungua uwezo wa kukabiliana na vimelea. Waliorudi katika mlo wa asili, pamoja na waliokunywa mbege, walionesha kupungua kwa mcharuko. Sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana wiki 4 baada ya jaribio kwisha.

Washiriki wa jaribio hilo walikuwa wazima, hivyo halithibitishi kuwa mlo wa asili hutibu moyo. Linaonesha jambo moja la msingi: wiki 2 za mlo tofauti zinatosha kuubadili mwili.

Mlo wa Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe huzalisha viazi mviringo, mahindi, maharage, njegere, mboga na parachichi kwa wingi. Kwa maana hiyo, mlo unaowalisha bakteria wenye manufaa unapatikana shambani na sokoni bila kununua bidhaa za gharama. Kande za mahindi na maharage, ugali wa dona, majani ya maboga na matunda vyote vina nyuzinyuzi.

Changamoto iko katika mabadiliko ya mazoea. Makambako ni njia panda ambako barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hukutana na barabara ya kwenda Njombe na Songea, na ni kituo cha reli ya TAZARA. Katika mji wa wasafiri, chakula kinachopatikana haraka ni chipsi, nyama za kukaanga na kuchoma, mikate myeupe na soda. Kiazi kilichovunwa Njombe, kikikaangwa na kunyunyiziwa chumvi, hakibaki kuwa chakula kile kile kilichochemshwa nyumbani.

Mambo yafuatayo yanaweza kufanyika katika kaya ya kawaida:

Kwanza, dona itumike badala ya sembe, kwa kuwa kukoboa huondoa pumba na kiini cha mahindi. Mahindi yakaushwe vizuri na kuchambuliwa kabla ya kusagwa ili kuepuka sumukuvu.

Pili, kunde na mboga za majani ziwepo mezani kila siku. Asiyezoea aongeze kidogo kidogo, kwani nyuzinyuzi nyingi kwa ghafla hujaza gesi.

Tatu, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo cha chai kwa jumla. Magadi yanayowekwa katika maharage au kande yana sodiamu kama chumvi, na mgonjwa wa moyo anapaswa kuyaepuka. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva mapema bila magadi.

Nne, togwa isiyo na sukari nyingi ni kinywaji kilichochachushwa kinachofaa. Ulanzi, ingawa nao huchachushwa kwa njia ya asili, una pombe, na pombe hudhoofisha misuli ya moyo. Matokeo ya utafiti wa mbege yasichukuliwe kuwa ruhusa kwa mgonjwa wa moyo kunywa pombe za kienyeji.

Tano, mgonjwa anayetumia spironolaktoni, enalaprili au losartani, hasa mwenye tatizo la figo, amuulize daktari kuhusu kiasi cha parachichi, viazi, maharage na ndizi anachoweza kula. Vyakula hivyo vina potasiamu nyingi, nazo dawa hizo huizuia isitoke mwilini. Potasiamu ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Dawa, bakteria na hatari ya kujitibu

Bakteria wa utumbo wanaweza pia kubadili nguvu ya dawa. Mfano unaofahamika zaidi ni digoksini, inayotumiwa na baadhi ya wagonjwa wa moyo. Bakteria aitwaye Eggerthella lenta huweza kuigeuza digoksini kuwa kitu kisicho na nguvu kabla haijaingia katika damu. Ilibainika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwa takribani mgonjwa 1 kati ya 10 hupoteza sehemu kubwa ya dawa hiyo kwa njia hii.

Mgonjwa wa aina hiyo akimeza antibayotiki kama erithromaisini au tetrasaiklini, bakteria hao hufa, digoksini yote huingia katika damu, na kiwango chake huweza kupanda hadi mara mbili. Digoksini ikizidi huleta kichefuchefu, kutapika, kuona ukungu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na inaweza kuua. Vivyo hivyo, metronidazoli, dawa ambayo wengi huinunua tumbo linapouma, huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayotumiwa na wenye vali bandia za moyo, na huweza kusababisha kuvuja damu.

Dawa na juisi zinazouzwa kwa maelezo ya kusafisha tumbo au kutoa sumu nazo zina hatari. Zinazoharisha hupoteza maji na potasiamu, na upungufu wa potasiamu kwa anayetumia furosemidi au digoksini huvuruga mapigo ya moyo. Mgonjwa wa moyo anapaswa kutaja dawa zote anazotumia kila anapofika kituoni au katika duka la dawa, na asinunue antibayotiki bila cheti cha daktari.

Tiba ya bakteria bado haijathibitishwa

Kutokana na umaarufu wa taarifa hizi, zipo bidhaa zinazouzwa kwa madai ya kutibu moyo kupitia utumbo. Jaribio lililofanywa katika nchi za Norway na Brazil, lililochapishwa mwaka 2021, liliwagawa wagonjwa 151 wa moyo katika makundi matatu: waliopewa antibayotiki ya utumbo iitwayo rifaksimini, waliopewa hamira maalumu yenye manufaa kwa utumbo, na walioendelea na matibabu ya kawaida pekee. Baada ya miezi 3, uwezo wa moyo kusukuma damu haukutofautiana baina ya makundi hayo.

Kwa hiyo, hadi sasa hakuna kidonge cha bakteria kinachoweza kuchukua nafasi ya dawa za moyo. Mlo bora husaidia kuzuia ugonjwa na kuyaunga mkono matibabu. Anayeacha dawa kwa kuwa ameanza kula vizuri anajiweka katika hatari ya kulazwa upya au kupoteza maisha.

Wakati wa kufika kituo cha huduma za afya

Mwananchi anashauriwa kufika katika zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu bila kuchelewa anapoona mojawapo ya dalili hizi: kupumua kwa shida anapofanya kazi nyepesi au anapolala chali, kuamka usiku kwa kukosa pumzi, kuvimba miguu, uchovu usio wa kawaida, na tumbo kujaa au kukosa hamu ya kula kunakoambatana na dalili hizo. Mama aliye katika mwezi wa mwisho wa ujauzito, au aliyejifungua miezi michache iliyopita, asidhani kuwa kukosa pumzi na kuvimba ni uchovu wa uzazi tu, kwa kuwa upo ugonjwa wa misuli ya moyo unaojitokeza katika kipindi hicho.

Kwa aliyekwisha kugundulika, kupima uzito kila asubuhi ni njia rahisi ya kujua kama maji yanaongezeka mwilini. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, amwone daktari hata kama hajisikii vibaya.

Upimaji wa shinikizo la damu hufanyika hata katika ngazi ya zahanati. Anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali ya halmashauri, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na, inapolazimu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kiitwacho eko, huonesha jinsi moyo unavyosukuma damu na humwezesha daktari kutambua kama malalamiko ya tumbo yanatokana na moyo.

Kila mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na kila mwenye historia ya shinikizo la juu la damu katika familia, apime shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka. Na yeyote anayekwenda kununua dawa ya tumbo huku miguu yake imevimba, apite kwanza zahanati apimwe moyo.